Breki zilifungwa, mbona behewa halikusimama? Funikula kwa lugha nyepesi

Jioni ya tarehe 3 Septemba 2025, katika jiji la Lisbon nchini Ureno, behewa la njano lenye abiria lilishuka mtaa mwembamba wa Glória kwa kasi isiyo ya kawaida, likashindwa kona iliyo karibu na mwisho wa mteremko, likapinduka na kujibamiza kwenye jengo. Watu 16 walipoteza maisha. Picha zilisambaa usiku uleule na ubishi ukaanza papo hapo. Huyu anasema ni treni, yule anasema ni tramu, mwingine anashikilia kwamba ni gari la kamba kama yale yanayoning'inia juu ya mabonde. Lakini swali moja lilirudi kila mahali: breki zilikuwa wapi?

Breki zilikuwepo, na zilifungwa. Taarifa ya awali ya wachunguzi wa Ureno inaeleza kwamba mhudumu aliyekuwa ndani ya behewa alifunga breki ya hewa na breki ya mkono. Behewa halikusimama. Yeye mwenyewe ni mmoja wa wale 16.

Nimesoma watu wakimlaumu mhudumu huyo, na wengine wakitaka vyombo hivi vya zamani vifungwe vyote, popote vilipo. Hukumu zote mbili zinatokana na kutokijua chombo chenyewe. Ukikijua, utaelewa jinsi breki nzima zinavyoweza kufungwa na zisifue dafu. Na siku ukiwa safarini ukakikuta kimoja mlimani, utajua umepanda nini.

Ndoo mbili, kamba moja

Chombo kile kinaitwa funikula. Jina limetokana na neno la Kilatini funiculus, yaani kamba nyembamba, na kweli kamba ndiyo roho yake. Funikula ni mabehewa mawili yaliyo juu ya reli mlimani, yaliyofungwa pamoja kwa kamba ya chuma inayopita kwenye gurudumu kubwa lililo kileleni. Moja likishuka, lingine linapanda. Moja likisimama, na lingine limesimama. Hakuna safari ya behewa moja.

Fikiria kisima chenye kapi juu yake, na kamba yenye ndoo kila ncha. Unapovuta ndoo iliyojaa, ile tupu inateremka, na uzito wake unakusaidia kuvuta. Anayechota kwa ndoo moja hunyanyua maji pamoja na ndoo. Anayechota kwa ndoo mbili hunyanyua maji peke yake, kwa sababu ndoo zimebebana. Sasa kilaze kisima hicho ubavuni mwa kilima, weka reli mahali pa kuta, weka behewa mahali pa kila ndoo. Hiyo ndiyo funikula.

Hesabu yake inapendeza. Tuseme kila behewa lina uzito wa tani 10. La chini limepakia watu 20, la juu limepakia watano. Tani 10 za huku zinafutwa na tani 10 za kule. Kinachobaki ni tofauti ya watu 15, ambao kwa kilo 70 kila mmoja ni kilo 1,050, pamoja na msuguano wa magurudumu na wa kamba yenyewe. Mota ndogo inaweza kazi hiyo. Na kama wanaoshuka ni wengi kuliko wanaopanda, mabehewa yanataka kwenda yenyewe, na mota inageuka kuwa kizuizi badala ya kivutaji.

Kwa kawaida mota hiyo haimo ndani ya behewa. Iko kwenye stesheni ya juu, inazungusha lile gurudumu kubwa. Ndiyo maana kwenye funikula nyingi yule mtu mwenye sare anayesimama mbele ya behewa si dereva kwa maana tuliyoizoea. Hakuna usukani, hakuna gia. Anafungua na kufunga milango, anatoa ishara, anatazama njia, na mkono wake uko karibu na breki.

Kwa nini wengi huchanganya

Treni ya kawaida hupanda kwa nguvu ya magurudumu yake kuishika reli. Lakini gurudumu ni chuma na reli ni chuma, na chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo sababu njia kuu za reli hukwepa milima kwa kuzunguka au kutoboa mahandaki: mwinuko wa mita tatu au nne katika kila mita 100 tayari ni mzigo mzito kwa treni ndefu. Waliotaka kupanda zaidi ya hapo walibuni reli ya meno, ambapo gurudumu lenye meno huuma reli ya tatu iliyo katikati, kama mnyororo wa baiskeli unavyouma meno yake. Niklaus Riggenbach wa Uswisi alijenga njia ya namna hiyo kwenye mlima Rigi, ikafunguliwa mwaka 1871. Pale hakuna kamba, treni inajipandisha yenyewe jino kwa jino.

Magari maarufu ya San Francisco yana kamba, lakini si funikula. Kule kamba inazunguka chini ya barabara muda wote bila kusimama, na kila gari lina koleo la kuikamata linapotaka kwenda na kuiachia linapotaka kusimama. Gari moja halina habari na lingine. Utaratibu huo ulianza mwaka 1873.

Na gari la angani halina reli kabisa, linaning'inia. Mwaka 2021 gari la namna hiyo lilianguka kwenye mlima Mottarone nchini Italia, kamba ya kuvuta ilipokatika wakati breki ya dharura imezuiwa isifanye kazi. Watu 14 walifariki. Baada ya ajali ya Lisbon nimeona matukio haya mawili yakitajwa kama kitu kimoja. Ni vyombo viwili tofauti kabisa, ingawa, kama tutakavyoona, vinakutana mahali pamoja penye uchungu.

Lakini siwalaumu waliosema kwamba behewa la Glória ni tramu. Lilifanana na tramu kwa kila hali. Lilipita barabarani kati ya nyumba, lilipakwa njano kama tramu za jiji hilo, na juu yake kulikuwa na waya wa umeme kwa sababu, tofauti na funikula nyingi, mota zake zilikuwa ndani ya mabehewa. Kamba haikuonekana. Ilifichwa ndani ya mfereji chini ya barabara, na kilichoonekana na mpita njia ni ufa mwembamba tu kati ya reli. Mtu angeweza kulipanda mwaka mzima asijue kwamba kuna behewa la pili linalomshikilia.

Maji yanayopandisha watu

Kabla ya umeme, nani alikuwa anavuta? Mara nyingi ni mvuke, lakini kulikuwa na njia nyingine ambayo mimi naiona ni moja ya fikra safi kuliko zote katika uhandisi wa karne ya 19: maji.

Niliielewa vizuri kwenye pwani ya kaskazini ya Devon, Uingereza, kati ya Lynmouth iliyo chini ya jabali na Lynton iliyo juu yake. Reli yake ilifunguliwa mwaka 1890. Ina urefu wa mita 263 hivi na inapanda kama mita 150 kwenda juu. Kila behewa limekaa juu ya fremu yenye umbo la pembetatu, ili sakafu ibaki tambarare wakati reli imeinama, na ndani ya pembetatu hiyo kuna tangi la maji. Maji yanatoka mto West Lyn na kuletwa kwa bomba hadi juu. Hakuna injini, na hakuna umeme unaovuta chochote.

Nilikuwa kwenye behewa la chini. Wahudumu wawili, wa juu na wa chini, walipeana ishara. Kisha nikasikia maji yakibubujika chini ya miguu yangu: mhudumu wetu alikuwa anayamwaga. Kwa muda hakuna kilichotokea. Behewa lilikuwa linapungua uzito kidogo kidogo, na kule juu tangi lilikuwa limejaa. Halafu, bila mtikisiko, bila mlio wa injini, tukaanza kupanda. Tulikuwa tumekuwa wepesi kuliko wale wa juu, basi. Mhudumu hakusukuma kitu. Aliachia breki tu na kuacha uzito ufanye kazi yake.

Kule Ureno kwenyewe, mjini Braga, funikula ya Bom Jesus imekuwa ikipandisha mahujaji na wageni kwa maji tangu mwaka 1882, na Riggenbach yuleyule wa reli ya meno alikuwa na mkono wake katika usanifu wake. Ile ya Wiesbaden nchini Ujerumani, ya mwaka 1888, hutumia maji pia, kisha huyasukuma kurudi juu kwa pampu ili yatumike tena. Na mjini Fribourg, Uswisi, funikula ya mwaka 1899 inaendeshwa na majitaka ya mji. Yanayoteremka kutoka nyumba za juu yanajaza tangi, yanashuka na behewa, yanaachiliwa chini yaendelee na safari yake. Hakuna tone linalochukuliwa mtoni.

Yanapishanaje?

Swali hili watoto huliuliza mapema kuliko watu wazima. Kama reli ni moja na mabehewa ni mawili, katikati hayagongani?

Kwa kuwa kamba ni moja na urefu wake haubadiliki, mabehewa hukutana mahali palepale kila safari, katikati kamili ya njia. Kwa hiyo inatosha kuigawa reli mara mbili pale tu. Kazi ngumu ni kulielekeza kila behewa upande wake. Katika reli ya kawaida, kipande cha reli husogezwa na mashine au mtu ili treni ichukue njia hii au ile. Kwenye mlima wenye kamba inayokatiza reli, kipande kinachosogea ni balaa inayosubiri siku yake.

Carl Roman Abt, mhandisi wa Uswisi, aliliondoa tatizo kwa kubadili magurudumu badala ya reli. Behewa la kwanza lina magurudumu ya kushoto yenye ukingo pande zote mbili, yanayoikumbatia reli yasiweze kuiacha. Magurudumu yake ya kulia ni mapana na bapa, hayana ukingo wowote, yanaviringika tu juu ya chochote kilicho chini yake. Behewa la pili limegeuzwa: magurudumu ya kulia yanakumbatia, ya kushoto yanaviringika. Zinapogawanyika reli, la kwanza linafuata reli ya kushoto na la pili linafuata ya kulia, leo, kesho na miaka yote, na magurudumu bapa yanavuka bila shida ile nafasi iliyoachwa ili kamba ipite. Hakuna kitu kinachosogea, kwa hiyo hakuna cha kukwama. Sura ya kwanza ya mpango huo ilitumika Giessbach, kando ya ziwa Brienz nchini Uswisi, mwaka 1879, na mpango wenyewe bado ndio unaotumika kwenye funikula nyingi duniani. Ukipata nafasi ya kuchungulia chini ya behewa stesheni, angalia magurudumu ya pande mbili. Utaona hayafanani.

Hapa niseme neno juu ya asilimia, maana zinawatisha watu bure. Mteremko wa asilimia 18, kama wa Glória, maana yake ukisogea mita 100 kwa usawa wa ardhi umepanda mita 18. Asilimia 100 si ukuta uliosimama wima. Ni mita 100 mbele na mita 100 juu, yaani nyuzi 45. Ndiyo maana funikula ya Stoos nchini Uswisi, iliyofunguliwa Desemba 2017, inaweza kuwa na mteremko wa asilimia 110 bila muujiza wowote. Vyumba vyake vya abiria ni vya mviringo na vinajizungusha ili watu wabaki wamesimama wima.

Haikujengwa kwa ajili ya picha

Leo wageni wengi hupanda funikula kwa ajili ya mandhari, na kuna wanaoamini kwamba zilibuniwa kwa ajili ya watalii. Baadhi ndiyo. Lakini nyingi za zamani zilikuwa usafiri wa watu wa kazi. Ile ya Budapest ilifunguliwa mwaka 1870 ili watu wapande kilima cha ngome, penye ofisi za serikali. Ilibomolewa na vita, ikarudi mwaka 1986. Istanbul ilipata ya chini ya ardhi mwaka 1875, ikaondoa adha ya kupanda kwa miguu kutoka bandari ya Karaköy hadi Beyoğlu. Valparaíso nchini Chile iliwahi kuwa na karibu 30, kuanzia ya Concepción ya mwaka 1883, kwa sababu mji ule wote umetundikwa juu ya vilima na mtu hawezi kwenda sokoni na kurudi bila kupanda.

Inayonigusa zaidi ni ya Johnstown, Pennsylvania, nchini Marekani. Mwaka 1889 bwawa lilipasuka juu ya mji huo na mafuriko yakaua watu 2,209. Waliobaki walitaka kuhamia juu ya kilima, na funikula yao ilifunguliwa mwaka 1891 yenye mabehewa mapana ya kutosha kubeba farasi na mkokoteni. Mwaka 1936 mafuriko yalirudi. Safari hii karibu watu 4,000 walipandishwa kilimani kwa mabehewa hayohayo.

Siku kamba inapoachia

Sasa turudi kwenye lile swali.

Tumesema kwamba mabehewa mawili yamebebana. Hiyo ina maana kwamba wakati kila kitu kiko sawa, breki inafanya kazi ndogo sana. Inazuia ile tofauti ndogo, kilo 1,050 za mfano wetu, na wala si tani 10. Lakini kamba ikiachia, usawazisho unatoweka. Behewa la juu linabaki na uzito wake wote likiwa peke yake mteremkoni, na breki iliyotengenezwa kusimamisha jozi iliyosawazishwa inatakiwa ghafla kusimamisha kitu ambacho hakijasawazishwa na chochote. Zaidi ya hapo, breki ya gurudumu hulishika gurudumu. Hata ukilishika likaacha kuzunguka, bado ni chuma juu ya chuma, na chuma kinaweza kuendelea kuteleza.

Wahandisi walilijua hili zamani. Riggenbach aliweka reli ya meno katikati ya njia za funikula za maji ili gurudumu lenye meno liume na kusimamisha, kamba iwepo isiwepo. Mwaka 1893, kwenye mlima Stanserhorn nchini Uswisi, Franz Josef Bucher na Josef Durrer walitumia breki za koleo: taya mbili zinazobana kichwa cha reli kutoka pande zote mbili. Breki ya namna hiyo haijali gurudumu. Inaing'ata reli yenyewe, na kwenye funikula za kisasa hujifunga yenyewe kasi ikizidi au kamba ikilegea, bila kumsubiri mtu. Ni fikra ileile inayokulinda ndani ya lifti kila siku. Kamba za lifti zikiachia, vibano huuma reli zake za pembeni. Elisha Otis aliwaonyesha watu jambo hilo mjini New York katika miaka ya 1850, akiwa amesimama juu ya jukwaa lililoning'inia huku kamba yake ikikatwa.

Glória haikuwa na kinga ya namna hiyo. Wachunguzi walieleza kwamba kamba iliachia mahali ilipofungwa kwenye behewa la juu, na kwamba breki zilizokuwepo hazikuwa na uwezo wa kusimamisha mabehewa bila ule usawazisho wa kamba. Safari ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Mabehewa yalikuwa yamesogea mita sita hivi. La chini lilirudi nyuma kwa kishindo mita kama 10 na kusimama, kwa sababu lilikuwa karibu kabisa na mwisho wa njia. La juu lilikuwa na mteremko mzima mbele yake. Tangu kamba ilipoachia hadi behewa lilipogonga jengo hazikupita sekunde 50, na katika sekunde hizo mhudumu alifanya kila alichopewa uwezo wa kufanya.

Wengi wanapofikiria ajali ya namna hii huiona kamba ikikatika katikati, pwa, kama uzi. Kamba ya chuma haiko hivyo. Imesukwa kwa nyuzi nyingi, na nyuzi chache zikikatika zilizobaki huendelea kubeba huku dalili zikionekana. Ipo hata mitambo ya sumaku inayopima afya ya kamba kwa ndani. Pabaya ni kwenye ncha, pale kamba inapoingia kwenye kifungo chake. Kule Lisbon sehemu iliyoachia haikuweza kuonekana bila kufungua vifaa, na ukaguzi wa macho uliofanyika asubuhi ya siku hiyohiyo haukuona kasoro.

Wala uzee wa mabehewa sio uliowaua wale watu. Njia ilifunguliwa mwaka 1885 na ikaingizwa umeme miongo mitatu baadaye, lakini kamba iliyoachia ilikuwa imetumika siku 337 tu kati ya 600 zilizotarajiwa. Taarifa iliyofuata mwezi Oktoba 2025 ilieleza kwamba kamba ya aina hiyo haikuwa imethibitishwa kwa ajili ya kubeba watu. Mtu anaweza kuwa na mashine ya karne ya 19 na kamba ya juzi, na hatari ikawa kwenye ile ya juzi.

Tena upya wa chombo haukingi. Angels Flight, funikula ya Los Angeles iliyoanza mwaka 1901, ilibomolewa ikahifadhiwa, ikajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1996 ikiwa na mtambo mpya wa kuendeshea. Mwaka 2001 gia ya mtambo huo mpya ilishindwa. Kamba haikukatika, lakini behewa liliachana na kilicholishikilia, likashuka na kuligonga lenzake. Mtu mmoja alifariki. Wachunguzi walikuta breki ya dharura haifanyi kazi, na breki ya kuuma reli haikuwepo kabisa. Ndipo hapo Los Angeles, Mottarone na Lisbon zinapokutana. Kila mara kitu kimoja kiliachia, na kile cha pili kilichopaswa kudaka hakikuwepo au kilikuwa kimezuiwa.

Ukifika stesheni

Kwa hiyo siwezi kumwambia mtu asipande. Mimi mwenyewe napanda. Bom Jesus imekuwa ikifanya kazi tangu 1882, na kwenye njia yenye meno, breki za koleo au vyote viwili, kamba si kitu cha pekee kinachokutenga na bonde. Kuna mambo ya kuangalia, na wahudumu wengi wanapenda kuulizwa. Uliza: kamba ikiachia, ni nini kinachosimamisha behewa? Jibu zuri ni fupi, na mara nyingi mhudumu atakuonyesha kwa kidole, kwa sababu koleo au gurudumu la meno linaonekana ukiinama. Uliza pia kamba ilibadilishwa lini. Penye utaratibu mzuri watu huijua tarehe hiyo kama wanavyojua siku zao za kuzaliwa. Na ukikuta njia imefungwa kwa ukaguzi siku uliyopanga kwenda, usikasirike, hata kama umetoka mbali. Siku hizo ndizo vifungo vinapofunguliwa na ncha za kamba kutazamwa.

Kama stesheni ya juu ina dirisha la kuona mitambo, anzia hapo kabla hujakata tiketi ya kushuka. Utaliona gurudumu kubwa likizunguka polepole, kamba ikimeremeta kwa grisi. Kisha ingia behewani, usimame mbele kabisa. Tazama vigurudumu vidogo kati ya reli vinavyoibeba kamba isiburute ardhini. Vinavyozunguka ndivyo vyenye kamba yako au ya wenzako. Katikati ya njia reli zitagawanyika, na behewa la pili litapita karibu kiasi cha kuona nyuso za walio ndani. Lina sekunde chache tu mbele yako. Hesabu vichwa vyao, halafu hesabu vya kwenu, ujue wakati huo mota inavuta au inazuia.